Watabiri wa Bergen: Historia ya Kutabiri Hali ya Hewa katika Pwani ya Magharibi ya Norwei

Pwani ya magharibi ya Norwei, kuanzia Stavanger hadi rasi ya Stad, ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi barani Ulaya. Bergen, mji wake mkubwa, hupata wastani wa milimita 2,500 hivi kwa mwaka. Mji huo uko kwenye latitudo ya 60 kaskazini, karibu sawa na ncha ya kusini ya Greenland, lakini kwa kawaida bandari yake haigandi hata katikati ya Januari, kwa kuwa maji ya uvuguvugu ya Atlantiki husukumwa hadi mlangoni mwake. Upepo wa kusini-magharibi ukipita juu ya maji hayo hujaa mvuke. Ukifika nchi kavu hukuta milima imeinuka papo hapo ufukweni. Hewa hupanda, hupoa, na mvuke hugeuka mvua. Kati ya tarehe 29 Oktoba 2006 na 21 Januari 2007, mvua ilinyesha Bergen kila siku kwa siku 85 mfululizo. Nyuma ya milima hiyohiyo mambo ni mengine kabisa: wilaya ya Skjåk, isiyofika kilomita 200 kutoka baharini, hupata chini ya milimita 300 kwa mwaka, na wakulima wake tangu zamani wamelazimika kuvuta maji kwa mifereji.

Majira ya kuchipua, yaani Machi hadi Mei, ndiyo yenye sura nyingi kuliko yote katika pwani hii. Katika majira ya kupukutika majani na majira ya baridi, tofauti ya joto kati ya hewa ya ncha ya dunia na hewa ya kusini huwa kubwa, na dhoruba hufuatana kutoka Atlantiki bila kupumzika. Kuanzia Aprili tofauti hiyo hupungua. Mara nyingi mgandamizo mkubwa wa hewa hutanda juu ya Skandinavia, upepo hugeuka ukatoka mashariki, na Bergen, mji unaojulikana kwa miavuli, ukapata wiki nzima ya jua. Kwa wastani miezi ya Aprili, Mei na Juni ndiyo yenye mvua chache zaidi mwakani. Lakini wastani huo haumlindi mtu: wiki ya jua huweza kufuatwa na theluji ya ghafla, au na dhoruba iliyochelewa ambayo nguvu yake hailingani na kalenda. Kwa karne nyingi riziki ya watu wa pwani ilitegemea sana majira haya yasiyoaminika, na ndiyo maana haja ya kujua hali ya hewa mapema ilikuwa kubwa hapa kuliko sehemu nyingi.

Mfano mzuri ni biashara ya samaki mkavu, iliyoujenga mji wa Bergen tangu enzi za kati na kuwavuta wafanyabiashara Wajerumani wa umoja wa Hansa, ambao ofisi yao mjini humo ilidumu tangu karne ya 14 hadi 1754. Samaki wenyewe walitoka mbali zaidi kaskazini, katika visiwa vya Lofoten, ambako skrei, samaki mkubwa wa maji baridi, huja kuzaa kati ya Januari na Aprili. Wavuvi waliwatoa matumbo na vichwa, wakawafunga wawili wawili mkiani, wakawaning'iniza juu ya chanja za miti bila chumvi. Kuanzia hapo kazi yote iliachiwa hewa. Joto likishuka sana, barafu huumbika ndani ya nyama na kuichanachana. Likipanda mapema, nzi hufika na samaki huoza. Kinachotakiwa ni miezi kadhaa ya joto lililo juu kidogo tu ya nyuzi sifuri, pamoja na upepo wa kutosha. Majira mabaya ya kuchipua yaliweza kushusha daraja la mzigo wa mwaka mzima kabla jahazi hazijang'oa nanga kwenda Bergen.

Kusini mwa Bergen, katika maji ya Karmøy na Haugesund, makundi ya heringi yalisogea ufukweni kuzaa mwishoni mwa majira ya baridi, na maelfu ya wavuvi waliyafuata kwa mashua zisizo na sitaha. Ndani zaidi, kwenye ghuba ndefu nyembamba za Hardanger, miti ya matunda huchanua mwezi Mei, na usiku mmoja wa jalidi watosha kuua maua yote. Mkulima wa majani ya mifugo naye alihitaji siku chache kavu mfululizo wakati wa kukata. Kila kundi lilikuwa na swali lake kwa anga, na kwa muda mrefu majibu yalitafutwa katika mambo mawili: kalenda na macho.

Kalenda ilikuwa primstav, ubao au fimbo ya mti iliyochongwa alama upande wa kiangazi, unaoanza tarehe 14 Aprili, na upande wa baridi, unaoanza tarehe 14 Oktoba. Siku za watakatifu zilizochongwa juu yake zilibebeshwa imani kuhusu mvua na ukame wa siku zijazo. Imani hizo hazikuwa na msingi wa kuaminika. Macho yalikuwa na thamani kubwa zaidi. Mzee wa pwani aliyeona duara la mwanga kuuzunguka mwezi, mawingu membamba yakivutana kutoka magharibi na wimbi refu likiingia siku isiyo na upepo, alikuwa na sababu ya kweli ya kuvuta mashua juu. Udhaifu wa elimu hiyo ulikuwa katika umbali: iliona kilichokwisha kukaribia, na ilimpa mtu saa chache tu. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 1899, wavuvi waliotoka Titran katika kisiwa cha Frøya walipigwa na dhoruba ya ghafla wakiwa baharini, na 140 kati yao hawakurudi.

Wakati huo chombo cha kuona mbali kilikuwa kimekwisha kupatikana. Telegrafu ilianza kazi Norwei mwaka 1855, na mwaka 1861 Admirali Robert FitzRoy wa Uingereza alianza kutuma maonyo ya dhoruba bandarini na kuchapisha utabiri wa kila siku gazetini. Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwei iliundwa mwaka 1866, na mkurugenzi wake wa kwanza, Henrik Mohn, alitoa atlasi ya dhoruba mwaka 1870. Lakini kwa pwani ya magharibi telegrafu ilikuwa na kasoro ya kijiografia. Dhoruba hutoka baharini, na baharini hapakuwa na vituo. London iliweza kumwonya mtu wa Bergen kuhusu dhoruba iliyopita Uingereza. Dhoruba iliyopita kaskazini zaidi haikuwa na wa kuitangaza, hadi waya ulipofika Iceland mwaka 1906. Zaidi ya hayo, watabiri wa enzi hiyo walifanya kazi kwa mazoea: walichora mistari ya mgandamizo wa hewa kwenye ramani, wakaitazama miviringo ya mgandamizo mdogo, wakakisia itaelekea wapi. Ndani ya mviringo mmoja mvua iko wapi, na kwa nini, hakuna aliyeweza kueleza kwa uhakika.

Mtu aliyetaka kubadili hali hiyo hakuwa mtabiri. Vilhelm Bjerknes, aliyezaliwa katika mji mkuu wa Norwei, Christiania, mwaka 1862 kwa baba mwanahisabati, alikuwa mwanafizikia aliyepata kufanya kazi na Heinrich Hertz mjini Bonn. Mwaka 1904 alichapisha makala fupi iliyodai kwamba hali ya hewa ni tatizo la fizikia kama mengine. Hali ya angahewa wakati wowote, alisema, inaelezwa na vigezo saba: mgandamizo, joto, densiti, unyevu, na kasi ya upepo katika pande tatu. Kanuni za fizikia zinatosha kuonyesha jinsi vigezo hivyo vitakavyobadilika. Kwa hiyo mwenye kujua vizuri hali ya leo anaweza, kwa hesabu, kuipata ya kesho. Dai hilo lilikuwa sahihi, na lilimpatia ruzuku ya muda mrefu kutoka Taasisi ya Carnegie ya Washington. Ila hesabu zenyewe zilikuwa nzito kupita uwezo wa mkono wa binadamu, na Bjerknes alilijua hilo.

Mwaka 1913 aliitwa Leipzig, Ujerumani, kuongoza taasisi mpya ya jiofizikia. Vita Kuu ilipoanza, wanafunzi wake waliandikishwa jeshini mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, Herbert Petzold, alikuwa akichunguza mistari ambako pepo mbili hukutana juu ya ardhi. Aliuawa Verdun mwaka 1916. Kazi yake ilirithiwa na mwana wa Vilhelm, Jacob, aliyeitwa Jack na wote waliomjua, kijana asiyetimiza hata miaka ishirini. Njaa na vita viliifanya Leipzig isikalike. Fridtjof Nansen, mpelelezi wa Aktiki, na Bjørn Helland-Hansen, mtaalamu wa bahari, walimwandalia Bjerknes nafasi katika jumba la makumbusho la Bergen, na mwaka 1917 alirudi nyumbani pamoja na wasaidizi vijana, akiwamo Jack na Halvor Solberg.

Norwei haikuwa vitani, lakini njaa ilikuwa inaikaribia. Nchi ilitegemea nafaka kutoka nje, na meli za mizigo zilikuwa zikizamishwa au kuzuiwa. Kila shamba la ndani lilipaswa kuvunwa vizuri. Wakati huohuo taarifa za hali ya hewa kutoka Uingereza na baharini zilikuwa zimekatika, maana nchi zilizo vitani ziliziweka kuwa siri ya kijeshi. Mtabiri wa Norwei alikuwa amezibwa macho upande wa magharibi, upande uleule dhoruba zinakotokea. Mwanzoni mwa mwaka 1918 Bjerknes alijitolea kuendesha utabiri wa majaribio kwa ajili ya wakulima. Kwa kuwa vituo vya mbali havipatikani, alisema, basi vya karibu viongezwe hadi viwe vingi sana.

Uamuzi huo ndio kiini cha historia yote iliyofuata. Bjerknes mwenyewe alisafiri pwani kuzungumza na walinzi wa minara ya taa, manahodha waongozaji meli na wavuvi, watu waliozoea kusoma anga kwa sababu maisha yao yalitegemea hilo. Jeshi la majini liliruhusu vituo vyake vya kuvizia nyambizi vitumike pia. Katika miezi michache idadi ya vituo vilivyotuma taarifa kwa telegrafu ilipanda takriban mara kumi. Vingi havikuwa na vifaa vya maana; waangalizi waliandika upepo unatoka wapi na una nguvu gani, mawingu ni ya aina gani, mvua imeanza saa ngapi. Mwanafizikia aliyeanza na ndoto ya milinganyo ya hesabu aliiweka kando kwa muda na kuamini macho ya walinzi wa taa. Hilo halikuwa jambo dogo kwa mtu wa cheo chake, na matunda yake yanampa haki ya kukumbukwa.

Ofisi ya utabiri ya magharibi ya Norwei ilianza kazi Julai 1918, katika nyumba aliyopanga Bjerknes mjini Bergen. Jack ndiye aliyekuwa mtabiri wake, na Solberg akatabiri upande wa mashariki kutoka mji mkuu, ambao wakati huo jina lake liliandikwa Kristiania. Kazi ilikuwa ya kila siku na ya haraka. Taarifa ziliingia kwa telegrafu, zikachorwa kwenye ramani alama kwa alama, kisha ujumbe mfupi ukapelekwa vijijini kwa simu na telegrafu kabla wakulima hawajaamua kukata majani au kuyaacha. Alipoziangalia ramani hizo zilizojaa nukta, Jack aliona jambo ambalo ramani za zamani zenye vituo tisa au kumi zisingeweza kulionyesha. Mvua haikutawanyika ovyo kuzunguka mviringo wa mgandamizo mdogo. Ilijipanga katika mikanda miwili, kila mmoja ukifuata mstari mkali ambako hewa ya joto na hewa ya baridi zilikutana. Aliyaandika hayo mwishoni mwa 1918, na makala yake ya kurasa chache kuhusu umbo la dhoruba zinazosafiri ilichapishwa mwaka 1919. Alikuwa na miaka 21.

Kwa mtu aliyesimama kwenye kisiwa nje ya Bergen, nadharia hiyo ilieleza mfuatano aliokwisha kuuona mara nyingi. Kwanza huja nyuzi nyeupe za mawingu ya juu kabisa, kisha utando unaoziba jua pole pole na kulivisha duara. Upepo hugeuka ukatoka kusini-mashariki, na barometa hushuka. Mawingu huteremka, yakawa mazito na ya kijivu, na mvua ya mfululizo huanza, ikadumu saa nyingi: hewa ya joto inapanda taratibu juu ya mgongo wa hewa ya baridi iliyo mbele yake. Ghafla mvua hupungua ikawa manyunyu, upepo hugeuka kusini-magharibi, joto hupanda, milima hufichwa na ukungu. Saa kadhaa baadaye upeo wa magharibi huwa mweusi. Rasharasha kali hupiga kwa dakika chache pamoja na dharuba ya upepo, barometa huruka juu, upepo huhamia kaskazini-magharibi, na hewa huwa safi kiasi cha kuona visiwa vya mbali. Hewa ya baridi imeipiga kabari ile ya joto na kuirusha juu. Mlinzi wa taa aliujua mpangilio huu kwa uzoefu. Sasa mtabiri aliweza kusema uko wapi, unakwenda kasi gani, na utafika Hardanger saa ngapi.

Mistari hiyo ilipewa jina la fronti, kwa lugha ya vita vilivyokuwa vimeisha punde: fronti ya joto mbele, fronti ya baridi nyuma. Mwaka 1919 Mswidi Tor Bergeron, mwenye jicho kali kuliko wote katika kusoma mawingu, aligundua kwamba fronti ya baridi huikimbilia ile ya joto hadi kuifikia, ikaiondoa hewa ya joto ardhini kabisa. Hapo dhoruba huanza kuzeeka. Kutokana na hayo Jack na Solberg walieleza mwaka 1922 maisha yote ya dhoruba, tangu inapozaliwa kama wimbi dogo kwenye mpaka mrefu wa hewa ya ncha ya dunia hadi inapokufa, na jinsi dhoruba moja inavyofuatwa na dada zake. Haki inataka pia isemwe kwamba hawakuanza na ukurasa mtupu. FitzRoy alikwisha kuandika juu ya mikondo miwili ya hewa inayogombana, na Napier Shaw na Rudolf Lempfert wa Uingereza walifuatilia njia za hewa ndani ya dhoruba mwaka 1906. Watu wa Bergen walikuwa na vituo vingi zaidi na wajibu wa kutabiri kila asubuhi, na mambo hayo mawili yaliwalazimisha kuona.

Mgogoro wa chakula ulipopita, ofisi haikufungwa. Wavuvi waliihitaji kuliko wakulima, na maonyo ya dhoruba kwa misimu ya heringi na skrei yakawa kazi yake kuu ya majira ya baridi na ya kuchipua. Mwaka 1921 kituo cha hali ya hewa kilijengwa Jan Mayen, kisiwa cha volkano kisicho na wakazi kati ya Norwei na Greenland, ili dhoruba za kaskazini zipate mtangazaji. Norwei ilitangaza mamlaka yake juu ya kisiwa hicho mwaka 1929, na kituo hicho kilikuwa sehemu ya hoja yake. Redio ilifikisha utabiri hadi kwenye mashua. Mwaka 1928 Taasisi ya Jiofizikia ya Bergen ilipata jengo lake lenye mnara, juu ya mlima mdogo karibu na katikati ya mji, na ofisi ya utabiri ikahamia humo.

Nje ya Norwei nadharia ilienea kwa kuchelewa. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ilikubali kuchora fronti kwenye ramani zake za kila siku katika miaka ya 1930 tu, kwa sehemu kutokana na juhudi za Carl-Gustaf Rossby, Mswidi aliyejifunza kazi Bergen kisha akahamia ng'ambo. Norwei ilipovamiwa na Wajerumani Aprili 1940, utabiri uligeuka tena kuwa siri ya kijeshi. Sverre Petterssen, aliyewahi kuongoza ofisi ya Bergen, alifanya kazi Uingereza wakati wa vita na alikuwa miongoni mwa watabiri walioshauri kwamba uvamizi wa Normandy usifanyike tarehe 5 Juni 1944. Dhoruba ilipiga siku hiyo kama walivyosema. Majeshi yalivuka tarehe 6.

Ndoto ya mwaka 1904 nayo haikufa. Mwingereza Lewis Fry Richardson alijaribu kuitimiza kwa mkono, akitumia data za tarehe 20 Mei 1910 zilizokusanywa na Bjerknes alipokuwa Leipzig. Utabiri wake wa saa sita, alioutoa katika kitabu cha mwaka 1922, ulionyesha mgandamizo ukibadilika kwa milibari 145, jambo lisilowezekana. Aliuchapisha hata hivyo, pamoja na njia yote aliyopitia, na uaminifu huo ulikuwa msaada mkubwa kwa waliomfuata. Mwaka 1950 kikundi cha mtaalamu wa hali ya hewa Jule Charney, akiwamo Mnorwei Ragnar Fjørtoft, kilitumia kompyuta ya ENIAC huko Maryland na kupata utabiri wa saa 24 ulioleta maana. Miaka minne baadaye kikundi cha Rossby mjini Stockholm kilianza kutoa utabiri wa kompyuta kwa matumizi ya kawaida. Vilhelm Bjerknes alikufa mwaka 1951, akiwa ameona mlango ukifunguka.

Swali la mkulima na mvuvi, hata hivyo, halikuishia kwenye kesho. Mwenye chanja za samaki alitaka kujua Aprili nzima itakuwaje. Hapo historia ina njia nyingine, iliyoanzia mbali na ramani za kila siku. Katika karne ya 18, mmisionari Hans Egede Saabye, aliyeishi Greenland, aliandika kwamba baridi ikiwa kali Greenland huwa nafuu Denmark, na kinyume chake. Mwaka 1924 Gilbert Walker, aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India kwa miaka 20 akitafuta namna ya kubashiri ukame, aliipa bembea hiyo mahali pake miongoni mwa mabadiliko makubwa ya angahewa ya dunia. Mgandamizo wa hewa ukiwa mdogo sana Iceland na mkubwa sana Azores, pepo za magharibi huongezeka nguvu, na pwani ya Norwei hupata joto na mvua nyingi. Tofauti hiyo ikipungua, pepo hulegea, na baridi kavu ya mashariki hupata nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bembea ilikaa upande wa kwanza kwa miaka kadhaa. Theluji iliyoanguka milimani ilikuwa nyingi kiasi kwamba barafu ya Briksdal, karibu na Nordfjord, ilisonga mbele mamia ya mita wakati barafu nyingi za dunia zilikuwa zikirudi nyuma.

Kuijua bembea si sawa na kuitabiri. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alionyesha kwamba kosa dogo kabisa katika kupima hali ya leo hukua hadi kumeza utabiri wote, na kwamba kwa maeneo kama haya mpaka wa kutabiri siku moja moja uko kwenye wiki mbili hivi. Utabiri wa msimu mzima hauwezi kutegemea dhoruba zenyewe. Unahitaji kitu kinachobadilika polepole na kuivuta angahewa upande mmoja kwa miezi, na kitu hicho kilionekana wazi kwanza katika tropiki.

Aliyekieleza alikuwa Jack Bjerknes, akiwa na zaidi ya miaka sitini. Uvamizi wa 1940 ulimkuta Marekani kwa ziara ya mihadhara. Alibaki, na akaanzisha masomo ya hali ya hewa katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles. Kwa kutumia vipimo vya miaka ya 1957 na 1958, alionyesha katika makala za 1966 na 1969 kwamba joto la maji ya Pasifiki ya mashariki, ambalo wavuvi wa Peru waliliita El Niño, na bembea ya mgandamizo aliyoigundua Walker katika tropiki, ni jambo moja. Bahari hubadili pepo, pepo hubadili bahari. Kwa kuwa maji hupoa na kupata joto polepole, mtu anaweza kuona miezi kadhaa mbele.

Ugunduzi huo ulifika moja kwa moja Afrika Mashariki. Mvua za vuli katika Kenya, Tanzania na Somalia huongezeka mara nyingi wakati wa El Niño, hasa maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yanapokuwa na joto pia, kama ilivyokuwa katika mafuriko ya mwishoni mwa 1997. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kabla ya kila msimu kutoa mwelekeo wa pamoja wa mvua, kazi inayoratibiwa na kituo kinachoitwa ICPAC, kilichoko Kenya. Vuli hutabirika kiasi cha kufaa; masika, ya Machi hadi Mei, huwasumbua zaidi, kwa sababu uhusiano wake na El Niño ni dhaifu. Miezi hiyohiyo ndiyo inayowasumbua watabiri wa Bergen, ingawa sababu ni tofauti.

Katika pwani ya Norwei mkono wa El Niño hufika ukiwa umechoka. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati, kilichoundwa mwaka 1975, kilianza kutoa utabiri wa misimu mwaka 1997, na kwa majira ya baridi vituo vikubwa vimeonyesha uwezo fulani wa kubashiri bembea ya Atlantiki. Kwa majira ya kuchipua uwezo huo ni mdogo zaidi. Dokezo moja lenye nguvu hutoka kilomita 30 juu, katika stratosfia, ambako mzunguko wa hewa ya ncha ya dunia huvunjika miaka fulani mwishoni mwa baridi na joto kupanda ghafla. Ulivunjika Februari 2018, na wiki zilizofuata pepo za mashariki zilileta baridi kali sehemu kubwa ya Ulaya, huku pwani ya magharibi ya Norwei ikikaa kavu na yenye jua. Dokezo la namna hiyo hutoa wiki kadhaa za tahadhari, na haliji kila mwaka.

Kwa sababu hiyo mwelekeo wa msimu wa pwani hii hutolewa kwa uwezekano. Husema kama miezi mitatu ijayo ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa na joto au mvua juu ya wastani, karibu na wastani, au chini yake, na mara nyingi nafasi hizo tatu huachana kwa kidogo tu. Joto la jumla hubashirika vizuri kuliko mvua, kwa sehemu kwa kuwa hali ya hewa ya dunia inazidi kupata joto. Tarehe ya jalidi ya mwisho Hardanger haimo ndani yake, wala wiki ya kuanika samaki Lofoten. Mambo hayo bado hutafutwa kwenye utabiri wa siku kumi, unaohesabiwa na kompyuta kwa kanuni zilezile za 1904, na kwenye maonyo ya siku mbili tatu, ambamo watabiri wa Bergen wangali wakichora fronti.